Cherehani ya Pambo

Kabla ya cherehani kulikuwa na sebule, na sebule ndiyo iliyoanza kuniharibia jina mtaani.

Nilikuwa nimeamua kuishi kisasa. Niliuza makochi pamoja na vile vitambaa vya kufuma vya mgongoni, nikauza kabati la vyombo, maua ya plastiki nikampa mtoto wa jirani, kuta nikazipiga rangi nyeupe pee. Katikati nikaacha kiti kimoja. Ndiyo, kimoja, maana huo ndio utaratibu wenyewe: nafasi ionekane. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akapita kufuata kodi, akachungulia, akashika kiuno.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole mwanangu. Hadi zulia wamebeba?"

Nilimweleza kwamba sijaibiwa, nimependa mwenyewe. Akanitazama kwa huruma zaidi. Jioni alimtuma mtoto aniletee mkeka.

Hicho kiti nacho kina kesi yake. Nilikipendea kwenye simu: kiti cha Hans Wegner wa Denmark, alichokibuni mwaka 1949, mgongo wake una ubao wenye umbo la Y, na kikalio husukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi, mita kama 120 kwa kiti kimoja. Nikampelekea picha seremala wa Keko. Akaikuza kwa vidole viwili, akasema, "Hiki chepesi." Nikafurahi, nikadhani anasema kazi ni nyepesi. Kumbe anamaanisha kiti ni dhaifu, na alikirekebisha: mninga mtupu, miguu minene kama ya kitanda cha harusi, na kikalio cha manila ya bluu, ile ya kuanikia nguo. "Karatasi tena, kaka? Siku ukimwagikiwa chai?" Kukisogeza ni kazi ya watu wawili. Ila ni kizuri, ukikitazama kwa mbali.

Basi. Cherehani niliiona kwa mnunuzi wa vyuma chakavu Manzese, imelala ubavu kati ya injini ya pikipiki na kipande cha geti. Singer nyeusi ya miguu, michoro yake ya dhahabu haijafutika yote, na fremu ya chuma iliyotobolewatobolewa kama lesi. Nikapiga magoti, nikafuta vumbi kwenye namba. Inaanza na E! Kwa sisi wagonjwa wa vitu vya zamani, herufi hiyo maana yake mashine ilitoka Clydebank, Scotland, kwenye kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kosa langu ni kwamba nilishangilia kwa sauti. Bei ambayo ilikuwa inakwenda kwa kilo ikasimama, ikavaa suti. "Hii ya Mjerumani hii, bosi," muuzaji akasema. Sikubishana. Nikalipa, nikaita guta.

Wiki mbili nilikuwa chini ya ile mashine. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa, nikanunua mkanda mpya wa ngozi Kariakoo, mafuta ya cherehani, sindano, uzi. Uzi wa nini, wakati nilitaka tu kuweka juu yake taa na kitabu kimoja cha picha? Nilitaka iwe kamili. Nikaiweka dirishani ipate mwanga, na dirisha langu linatazamana na njia ya mtaa.

Asubuhi yake bibi wa nyumba ya pili akasimama nje ya nondo, ameshika sketi ya shule.

"Fundi, hebu nipindie hapa chini, mtoto anachelewa."

"Shikamoo bibi. Mimi si fundi. Hii ni pambo."

"Marahaba. Haishoni?"

Hapo ndipo ningesema haishoni, yakaisha. Lakini wiki mbili za mafuta ya taa! "Inashona vizuri sana," nikasema, kama mtu anayesifia mwanawe.

"Sasa?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nikapinda. Upindo ulikwenda upogo, lakini mtoto alifika shule. Kufikia Ijumaa nilikuwa na suruali tatu, pazia moja na kanzu ya mtu nisiyemjua, na chini ya dirisha, kwenye nyeupe yangu, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa: FUNDI CHEREHANI YUPO. Mama mwenye nyumba naye akaja na hesabu mpya. Chumba cha kulala kina bei yake, fremu ya biashara ina bei yake. Nikajitetea kwamba sitozi hata shilingi.

"Hayo ni yako na wateja wako," akasema, kisha akatoa gauni kwenye mfuko. Sare ya kitenge, ya kicheni pati ya kesho yake. "Nibane hapa ubavuni, kidogo tu. Ya kodi tutaongea baadaye."

Siku hiyo nilikuwa nimevaa shati ninalolipenda kuliko yote, la mtumba kutoka Ilala, la mtindo wa miaka ya sabini: maua ya rangi ya chungwa, kola ambazo upepo ukivuma unaweza kupaa, poliesta tupu. Ukilivaa Dar es Salaam jasho linakutoka kwa kuliwaza tu. Na chini ni pana, linaning'inia.

Cherehani ya miguu ina masharti. Gurudumu lazima lizunguke kuja kwako: unalianzisha kwa mkono wa kulia, halafu miguu inapokea, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Ukipoteza mapigo linarudi kinyume, na uzi unajifunga chini kama tambi. Ulijifunga mara tatu. Mara ya nne nikainama hadi pua ikakaribia sindano, nikahesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili, na ikakubali. Taka-taka-taka, mshono umenyooka kama rula! Nilinogewa hadi nikapitiliza alama ya chaki. Nikakata uzi, nikasimama kunyoosha mgongo, na gauni likasimama pamoja nami.

Nilidhani limenasa kwenye kifungo. Nikalivuta, kitenge kikalia. Kugeuza hivi, shati langu limeshonwa ubavuni mwa gauni la mama mwenye nyumba, na vifungo viwili vya chini viko ndani ya mshono. Nikaona nilivulie kichwani. Nikafika katikati: mikono juu, kichwa ndani ya kitenge, giza, harufu ya udi. Ndipo nikasikia hodi.

Mlango ulikuwa wazi. Kukawa kimya kwa muda mrefu sana.

"Mwanangu," sauti ikasema taratibu, "unalijaribu?"

Tuliongozana hadi kwa fundi wa mtaa, mzee anayeshonea barazani na cherehani yake ya Butterfly, ambaye wiki nzima nilikuwa nampunguzia wateja bila kukusudia. Njia ile ni fupi, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa nje. Mzee akasimamisha miguu. Akaniangalia, akaliangalia gauni linaloning'inia tumboni kwangu.

"Karibu, fundi mwenzangu."

Akachukua wembe, akauinamia mshono, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshona vidogo mno, vimebanana kama mayai ya chawa. "Nikifumua, kitenge kinachanika. Tukate shati au tukate gauni?"

Nikafungua mdomo. "Shati," akajibu mama mwenye nyumba.

Mzee akakata, akaacha utepe wa maua ya chungwa ubavuni mwa gauni, akaupindapinda vizuri ukaonekana umekusudiwa. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akafunga jicho moja. "Ubavu mmoja haupendezi," akasema, akakata na upande wangu wa pili. Nilirudi nyumbani kitovu nje.

"Ila mstari umeunyoosha," aliniambia nikiwa naondoka.

Jumatatu asubuhi kuna mtu kwenye nondo. Mama mmoja wa mtaa wa pili, na kitenge kipya begani.

"Fundi, nilikuwa kwenye ile kicheni pati. Nataka kama la mama mwenye nyumba wako, lenye maua ubavuni." Macho yake yakashuka kwenye shati langu, yakapanda, yakatulia begani. "Na hiyo mikono, unaitumia?"