Mtoto anapoacha kiambishi: sarufi ya kuzaliwa nayo au ya kusikia?

Mtoto wa miaka miwili akimwona baba yake amejinyoosha kitandani anaweza kusema "Baba lala", na hakuna mtu mzima nyumbani atakayedhani kwamba anamwamuru baba yake alale. Wote wanaelewa kuwa baba amelala. Sentensi hiyo imekosa vitu viwili ambavyo mtu mzima angevitia, yaani kiambishi cha nafsi *a-* na kiambishi *-me-* kinachoonyesha kuwa tendo limekwisha timia. Hata hivyo, kilichobaki si cha kubahatisha: mtenda ametangulia, kitenzi kimefuata, na irabu ya mwisho wa kitenzi iko mahali pake. Katika maneno hayo mawili umo mzozo ambao umewagawa wanaisimu tangu katikati ya karne iliyopita, na ni mzozo ambao, kwa maoni yangu, umejadiliwa kwa muda mrefu mno kana kwamba watoto wote wa dunia huzungumza Kiingereza.

Kabla ya kuingia ndani, dhana mbili zinahitaji kuwekwa wazi. Ya kwanza ni tofauti kati ya kupata lugha na kujifunza lugha. Mtoto hupata lugha ya nyumbani bila somo wala daftari, na mara nyingi bila mtu yeyote kukusudia kumfundisha. Mtu mzima anayejifunza Kifaransa darasani yumo katika kazi nyingine kabisa. Ya pili ni tofauti kati ya umilisi, yaani ujuzi wa lugha uliomo akilini, na utendi, yaani yale yanayotoka mdomoni. Anayesema "Baba lala" huenda anajua zaidi ya anavyoweza kutamka, kwa kuwa mtoto wa umri huo anaweza kuwa anaelewa "Baba amelala" na "Baba atalala" kwa tofauti yake muda mrefu kabla ya kuweza kuzisema zote mbili. Kwa sababu hiyo mwanaisimu hamwiti mtoto huyo mkosaji. Humwona kama mtu mwenye sarufi ya muda, na hujiuliza sarufi hiyo imetoka wapi.

Upande mmoja hujibu kwamba imetoka masikioni. Mwaka 1957 mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza lugha kuwa mazoea yanayojengwa kama mazoea mengine yote: mtoto hutoa sauti, watu wa karibu humjibu kwa tabasamu, maziwa au sifa, na sauti iliyojibiwa vizuri hurudiwa. Wengi wetu tumelelewa ndani ya wazo linalofanana na hilo bila kulijua, maana anayesema "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" amekwisha kuchagua upande. Miaka miwili baadaye mwanaisimu Noam Chomsky aliihakiki hoja hiyo kwa ukali katika jarida la isimu la Marekani. Yeye na waliomfuata walijenga dai la upande wa pili, kwamba binadamu huzaliwa na misingi ya sarufi iliyo sawa kwa wote, ambayo vitabu vyetu huiita sarufi bia, na kwamba lugha anayoisikia mtoto huamsha tu kile kilichokuwa tayari kimelala ndani yake.

Nguvu ya hoja ya Chomsky iko katika uchache wa ushahidi ambao mtoto huupata, na katika ukosefu wa masahihisho. Roger Brown na Camille Hanlon walionyesha mwaka 1970 kwamba wazazi Wamarekani waliowachunguza walijali zaidi ukweli wa maneno ya mtoto kuliko umbo lake. Kwetu nako mtu anaweza kulisikia jambo hilo: mtoto akimwonyesha mbuzi na kusema "Paka kula", mama atasema "Huyo si paka, ni mbuzi", naye ataipita *kula* bila neno. Ikiwa hakuna anayesahihisha sarufi, nani anamwonyesha mtoto njia?

Mfano unaotumiwa sana na upande huu ni wa maswali ya Kiingereza, ambamo kitenzi kisaidizi huhamishwa kwenda mwanzo wa sentensi. Kiswahili hakihamishi chochote kwa namna hiyo, kwa hiyo mfano huo hautufai, lakini tunao wa kwetu. Tazama sentensi "Kiti cha watoto kimevunjika". Neno lililo karibu zaidi na kitenzi ni *watoto*, na mtu anayefuata mpangilio wa sauti tu, neno baada ya neno, angeweza kuhitimisha kuwa kitenzi hupatana na jirani yake na kusema "wamevunjika". Anayejua Kiswahili hupatanisha kitenzi na *kiti*, hata maneno kumi yakiingia katikati: "Kiti cha watoto wa majirani waliohamia Tanga kimevunjika". Ili kufanya hivyo ni lazima aone kwamba maneno yote hayo ni kundi moja, na kwamba kundi hilo lina kichwa. Makundi na vichwa havisikiki, kwa kuwa hewani hamna kitu isipokuwa sauti inayopita moja baada ya nyingine. Wafuasi wa Chomsky husema kwamba mtoto hutafuta makundi tangu mwanzo kwa sababu akili yake haijui namna nyingine ya kusikiliza lugha.

Naiheshimu hoja hiyo, lakini nadhani hudai zaidi ya inavyothibitisha. Sentensi za aina ya "kiti cha watoto kimevunjika" si adimu nyumbani. Funguo za mlango zinapotea, maji ya ndoo yanamwagika, na mtoto huyasikia hayo huku akiona kilichovunjika ni kipi. Maana humwongoza. Isitoshe, tangu mwaka 1996 tunajua kwamba masikio ya mtoto mchanga ni makini kuliko ilivyodhaniwa. Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na kituo wala mkazo, uliotungwa kwa maneno ya kubuni kama *bidaku*, *padoti* na *golabu*, ambayo kwa sikio la Mswahili ni kama maneno ya kawaida ambayo hajakutana nayo bado. Baada ya dakika 2 tu watoto hao walitofautisha maneno hayo na vipande vilivyovuka mipaka ya maneno, kwa kufuata tu jinsi silabi fulani inavyoelekea kuifuata nyingine. Huo si ujuzi wa sarufi, lakini ni kifaa cha kujifunzia, tena chenye nguvu kuliko thawabu na tabasamu za Skinner. Wanaoutetea upande wa masikio siku hizi husimama juu ya ushahidi huu.

Ushahidi ulionigusa zaidi, hata hivyo, umetoka Lesotho. Mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler walidai kwamba watoto huchelewa kupata kauli ya kutendwa (kama *kupikwa* badala ya *kupika*) kwa sababu sehemu ya sarufi inayoiwezesha hukomaa kwa umri, kama meno yanavyoota kwa wakati wake. Kwa Kiingereza dai hilo lilikuwa na mantiki, kwani watoto wa huko huisumbukia kauli hiyo hadi miaka 4 au 5. Miaka miwili baadaye Katherine Demuth, aliyewarekodi watoto wa Kisotho kijijini, alionyesha kwamba wao walikuwa wakiitumia kauli ya kutendwa katika mazungumzo yao ya kawaida wakiwa na umri wa miaka 2 na miezi 8 hivi. Ikiwa sehemu hiyo ya akili hukomaa kwa saa yake yenyewe, kwa nini saa ya Lesotho iende mbele ya saa ya Boston?

Jibu la Demuth lilitokana na lugha yenyewe. Katika Kisotho neno la kuuliza haliwezi kukaa mahali pa mtenda kabla ya kitenzi. Sisi husema "Nani amepika chakula?" bila shida, lakini Msotho hana njia hiyo, na njia mojawapo iliyo wazi kwake ni kuuliza "Chakula kimepikwa na nani?" Basi mtoto wa Kisotho anaoga katika kauli ya kutendwa tangu asubuhi, kwa kuwa kila anapoulizwa nani kampa, nani kampiga au nani kamnunulia, anaweza kuulizwa kwa kauli hiyo.

Wapinzani wana la kusema hapa, na si dogo. Mtoto anaweza kuwa anarudia vipande alivyokariri bila kuielewa kanuni. Zaidi ya hilo, wingi wa kusikia si tofauti pekee kati ya lugha hizi. Kiingereza hutumia umbo lilelile kwa kikombe kilichovunjwa na mtu na kwa kikombe kilicho katika hali ya kuvunjika, ilhali lugha za Kibantu kwa kawaida huzitenganisha hali hizo kwa viambishi vyake. Kiswahili kina *kuvunjwa* na *kuvunjika*, na mtoto hupewa alama iliyo wazi ya kushika. Hivyo mtoto wa Lesotho huenda alisaidiwa na uwazi wa mofimu, yaani vipande vya neno vyenye maana, kama alivyosaidiwa na wingi wa mifano. Lakini iwe ni wingi au ni uwazi, vyote viwili vimo katika lugha anayoisikia, na dai la saa ya ndani ndilo lililobaki na deni.

Tukirudi kwa "Baba lala", mizani inaelemea upande wa Chomsky. Kamil Ud Deen, katika tasnifu aliyoiwasilisha mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alichambua mazungumzo ya watoto wanne wa Nairobi. Aliwakuta wakiacha kiambishi cha nafsi mara nyingine, kiambishi cha njeo (yaani cha wakati wa tendo) mara nyingine, na mara nyingine vyote viwili, huku irabu ya mwisho wa kitenzi wakiiacha kwa nadra sana. Ni kweli kwamba watu wazima nao huacha viambishi, kama tunaposema *nakula* badala ya *ninakula*, lakini watoto waliviacha kwa kiwango kikubwa kuliko wakubwa waliowazunguka. Kwa hiyo hawakuwa wakiiga tu. Mtoto anayeacha kitu ambacho wakubwa wanakitia ana mpango wake mwenyewe.

Mtetezi wa masikio hukimbilia njia mbili za kujitetea. Ya kwanza ni mkazo: Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Dan Slobin alipendekeza mwaka 1973 kwamba watoto wa lugha zote huzingatia mwisho wa neno. Irabu ya mwisho ingenusurika na viambishi vya mwanzo vingepotea. Lakini anayefuata mkazo peke yake angelikata *anakimbia* kuwa *mbia*, ilhali anayebakiza *kimbia* amekata palepale mofimu zinapoungana, jambo ambalo mkazo haulielezi. Njia ya pili ni amri. Mtoto husikia "Lala!", "Leta!" na "Kimbia!" mchana kutwa, na huenda shina hilo tupu amelichukua kutoka huko. Njia hii naiona nzito zaidi kuliko ile ya kwanza, na ina uzuri kwamba yeyote mwenye mtoto nyumbani anaweza kuipima. Amri ya *kuja* ni "Njoo". Ikiwa mtoto huchukua vitenzi vyake kutoka kwenye amri, tutarajie aseme "Baba njoo" akimaanisha kwamba baba anakuja. Akisema "Baba kuja", basi umbo hilo hakulipata kwenye amri, na tutalazimika kutafuta asili yake kwingine.

Upatanisho wa ngeli unatoa picha kama hiyo. Uchunguzi wa Kisotho na Kizulu umeonyesha kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya ngeli, kisha huviweka kwa sauti isiyokamilika, kisha huvitamka kikamilifu, na katika safari hiyo ni nadra kuichanganya ngeli moja na nyingine. Kuacha ni jambo la kawaida. Kukosea si la kawaida. Mtu anayebahatisha hukosea pande zote, kwa hiyo hapa naona dalili ya akili inayojua inatafuta nini kabla ya kukipata.

Ndiyo maana sikubali kuchagua kambi kwa jumla. Ratiba ya mtoto, yaani nini kije mapema na nini kichelewe, naona inaamuliwa kwa sehemu kubwa na lugha inayomzunguka, na Lesotho imelionyesha hilo kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Aina ya makosa asiyoyafanya, kwa upande mwingine, bado haijaelezwa vizuri na yeyote anayetegemea masikio peke yake. Viziwi wa Nikaragua wanalionyesha jambo hilo kwa pande zote mbili: shule ilipoanza kuwakusanya mjini Managua kuanzia mwaka 1977, watoto ambao kabla ya hapo hawakuwa na lugha ya ishara ya pamoja waliiunda, na walioingia wakiwa wadogo zaidi waliipa sarufi iliyo tajiri kuliko ile waliyoikuta. Walitoa zaidi ya walichopewa. Lakini kabla ya kukusanywa, kila mmoja kwao akiwa peke yake, hakuna aliyefika huko.

Kiswahili kina nafasi ambayo lugha chache zinayo ya kuupeleka mzozo huu mbele. Mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, na mtoto wa Nairobi wanapata lugha moja yenye kitenzi kilichojengwa kwa mpangilio uleule, lakini hawasikii mambo sawa. Wa kwanza anasikia upatanisho wa ngeli karibu katika kila kauli, "kiti kimeanguka, viti vimeanguka". Wa pili husikia mara nyingi "kiti imeanguka, viti zimeanguka", na hiyo ndiyo sarufi halali ya mtaani kwake. Kama watoto hawa wawili wanaacha viambishi vilevile, kwa mfuatano uleule na katika umri uleule, upande wa Chomsky utakuwa umepata hoja ambayo Kiingereza hakiwezi kuwapa. Kama mtoto wa Mji Mkongwe anatangulia katika viambishi vya ngeli, Demuth atakuwa sahihi kwa mara ya pili. Kinachohitajika ni kinasa sauti, ruhusa ya wazazi, na mtu mwenye subira ya kukaa barazani saa moja kila wiki mbili kwa muda wa mwaka mzima, Unguja na Nairobi kwa wakati mmoja.