Umekwenda Kuvua au Kujaza Fomu?

Mtu anatoka nyumbani kuyakimbia makaratasi. Amechoshwa na fomu, sahihi, nakala tatu na "jaza kwa herufi kubwa". Anabeba ndoano, chambo na kofia, huyo, majini. Halafu anatokea mjuzi mmoja anamwambia: kila safari iandike. Tarehe, saa, mahali, upepo, maji, mwezi, chambo, namba ya ndoano. Jamani, hii ni safari ya kuvua au maombi ya pasipoti?

Kinachoudhi zaidi ni kwamba mjuzi huyo hakukosea. Kichwa cha mvuvi ni jokofu bovu: kinamkumbuka chewa mmoja wa mwaka juzi na kusahau safari kumi za kurudi mikono mitupu. Basi tuandike. Ila tutalalamika huku tunaandika, hilo halijakatazwa.

Kwanza kalamu. Wino wa jeli usiohimili maji ukidondokewa na tone moja, ukurasa wote unageuka ramani ya mafuriko. Bolpeni haichuruziki sana, lakini karatasi ikilowa inagoma. Mtu mzima unarudi kwenye penseli kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu penseli haiyeyuki majini. Beba mbili, zifunge uzi, maana penseli isiyofungwa husubiri samaki avute ndipo iage. Daftari liwe dogo, lilale ndani ya mfuko wa plastiki wa kubana. Huko andika vifupisho, na usiku huo huo nakili kwenye daftari kubwa. Ukisema "nitanakili kesho", kesho utakuta umeandika "k 3 b. ya ch. nd.", na hapo hata mganga atakurudishia hela yako.

Simu nayo ina kiburi chake. Kidole chenye maji na ute wa samaki haikitambui, inakushangaa kama hamjawahi kuonana. Uzuri wake, inashika mahali ulipo hata pasipo mtandao, na picha inabaki na saa yake. Ubaya unakuja unaponakili. Latitudo ya nyuzi 4.50 kwa desimali ni nyuzi 4 na dakika 30, wala si nyuzi 4 na dakika 50. Ukizichanganya umehama dakika 20, na katika latitudo kila dakika ni mita 1,852. Hizo ni kilomita 37! Unarudi kutafuta mwamba wako wenye changu, kumbe alama imesimama kwenye shamba la mtu.

Safu ya saa ndiyo inayotuumbua sisi wenye Kiswahili chetu. Umeandika "saa 2". Ya nani? Miezi mitatu baadaye unasoma kwamba kolekole alikula saa 2, na hujui kama ni saa 2 asubuhi, saa 2 usiku, au ile 2 ya simu, yaani saa nane mchana, wakati kila kiumbe chenye akili kimejificha kivulini. Tofauti ni saa sita, na saa sita zinatosha bahari kutoka kujaa hadi kupwa. Chagua mtindo mmoja, uandike kwenye jalada, usiuguse tena. Ukivua usiku, tarehe nayo inaanza vurugu zake: umetoka Ijumaa, samaki kala Jumamosi. Andika "usiku wa kuamkia", ulale.

Hata hiyo saa ikikaa sawa, baharini ni nusu ya habari tu. Kwenye pwani nyingi maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Zidisha kwa siku saba uone. Saa ile ile iliyokuwa na maji tele sasa ina maji makavu. Daftari linasema "saa 3 asubuhi, samaki wanagombania chambo". Wewe umefika na mbwembwe zako zote, mbele yako kuna tope, na kaa mmoja anakutazama kwa huruma. Kinachotakiwa kuandikwa ni muda uliopita tangu maji yalipogeuka: "saa 2 tangu kuanza kujaa". Kisha sema kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kwa sababu chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, iliyotulia kama jiwe siku ya maji mafu, siku ya bamvua itaburutwa na mkondo kama mwanafunzi mtoro. Walioko mtoni na ziwani hawana adha hiyo. Wao waandike kama maji yamepanda au yameshuka tangu safari iliyopita, na kama ni masafi au ya tope.

Usafi wenyewe usiupime kwa maneno. Mwaka 1865 padri Angelo Secchi alishusha sahani nyeupe baharini na kuangalia inapotea kwenye kina gani. Ndiyo, mtu msomi, sahani, kamba, na hakuna aliyemcheka. Nawe fanya hivyo: kisahani cheupe cha sentimita 20, kamba yenye mafundo kila nusu mita. Ila tumia mafundo na rula, usitumie pima ya mikono. Pima ni kama mita 1.8, lakini mikono ya mrefu na ya mfupi haijawahi kukubaliana.

Aliyepanga lugha ya upepo na mkondo, naye sijui alikuwa na ugomvi na nani. Upepo unaitwa kwa unakotoka, mkondo unaitwa kwa unakokwenda. Upepo wa kaskazini na mkondo wa kusini, vyote viwili vinaelekea upande mmoja! Na usiandike upepo "mkali kiasi", kiasi cha nani? Kuna kipimo cha Beaufort, 0 hadi 12, kinachohitaji macho tu. Namba 3, povu jeupe linaanza kuonekana hapa na pale kwenye mawimbi. Namba 4, povu limetapakaa, na kofia yako imeshakuwa chombo cha majini.

Namba za ndoano? Mtu alikuwa anahesabu kinyumenyume, akachoka njiani. Namba 8 ni ndogo kuliko namba 4, namba 4 ni ndogo kuliko namba 1. Ukifika 1 hesabu inageuka: 1/0, 2/0, 3/0, sasa zinakua. Ukiandika "namba 2" ukimaanisha 2/0, mwakani utamwendea chewa na ndoano ya kumtekenya. Na namba moja kwa viwanda viwili si lazima ilingane. Dawa ni moja: laza ndoano ukurasani, izungushie penseli. Chora tu, hakuna anayesahihisha.

Tukija kwa samaki mwenyewe, ndipo daftari linapogeuka polisi. Kwanza jina: "changu" si samaki mmoja, ni ukoo mzima, kwa hiyo ongeza rangi na alama, au piga picha. Kisha mlaze juu ya rula, mdomo umefungwa, pima kutoka pua hadi ncha ya mkia, au hadi panda ya mkia. Amua moja, uandike ni ipi. Utepe usiupitishe juu ya tumbo, tumbo lina mlima wake. Mizani nayo: pima mfuko mtupu, utoe, na usipime chombo kikiyumba, maana sindano itacheza ngoma nawe utaandika pale ilipopanda zaidi. Nakujua.

Na kudanganya ni kazi kuliko unavyodhani. Uzito wa samaki hukua takriban kwa mchemraba wa urefu: akirefuka mara mbili, anakuwa mzito kama mara nane. Ukivuta wa sentimita 50 awe wa 60, uzito nao lazima uuongeze kwa zaidi ya asilimia 70. Ukisahau, samaki wako wa kwenye daftari anasomeka kama aliyekufa kwa njaa.

Kuna na mkizi. Kakasirika, karuka, kaangukia chomboni mwenyewe. Safu ya chambo inadai kujazwa. Andika "hasira", songa mbele.

Lakini safu inayokimbiwa na wote ni ile ya kapa. Nani anataka kuandika sifuri kwa mkono wake? Basi tazama: safari tano, kila moja fimbo moja ya kuvulia kwa saa 4, samaki 6, 0, 0, 3, 0. Ni samaki 9 kwa saa 20, yaani 0.45 kwa saa. Ukiandika zile mbili za furaha tu, inakuwa 9 kwa saa 8, zaidi ya 1.1. Umejiongezea ustadi mara mbili na nusu bila hata kulowa! Na fimbo zikiwa mbili, saa 4 zinahesabiwa 8, usijifanye hujui.

Baada ya safari thelathini hivi, panga safari zako kwa hali ya maji na kwa saa, ugawe samaki kwa saa za fimbo. Hapo utaona sehemu moja ya jedwali ni tupu: alfajiri, maji yanaanza kujaa. Tupu kwa sababu hujawahi kuamka. Huwezi kusema pazuri, huwezi kusema pabaya, na daftari linakungoja, limekupangia zamu: saa 10.

Ya Kiswahili, bwana. Usiniletee ya simu.