Mega zinaisha, simu imezima

Juzi nilinunua forfe, yaani kifurushi cha intaneti, ya saa 24 kwa mama mmoja anayeuza yuniti za simu chini ya mwavuli, hapa kwetu Kamalondo, Lubumbashi, Kongo. Nilikuwa sijamaliza hata kusoma ujumbe wa kampuni ya simu, umeme ukaenda. Betri ilikuwa hoi tangu asubuhi, simu ikazima. Umeme uliporudi, kesho yake usiku, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa ujumbe: mpendwa mteja, forfe yako imekwisha. Mpendwa!

Hata mega moja sikugusa. Ni sawa na mama wa bukari (ugali) kukuondolea sahani kwa sababu umechelewa kunawa mikono. Nikaenda kulalamika ajansi, ofisi ya kampuni. Binti wa kaunta alinisikiliza kwa upole wote, kisha akasema: "Papa, forfe inahesabu saa, haihesabu umeme."

Ana haki, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nani aliyekubali, katika mji huu wa delestaje, wa kukatiwa umeme kwa zamu, kwamba intaneti iuzwe kwa saa? Tembea mtaani usiku umeme ukikosekana. Utamkuta kijana mwenye jenereta, simu za watu zimepangwa juu ya ubao, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye namba, nyaya zimesokotana. Wenye simu wamekaa pembeni wakingoja zamu. Kila simu iliyolala pale ina mega zinazokufa, na mwenyewe analipa mara mbili: kampuni kwanza, halafu kijana wa jenereta. Kuna mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu, pale aliyetaka kupakua kozi, na mama anayetuma picha za vitenge kwa wateja wake wa Likasi. Hao hawanunui forfe ya mwezi. Wananunua ya siku kwa sababu pesa yenyewe inapatikana kwa siku. Mwenye forfe ya mwezi akikosa umeme siku nzima, bado ana wiki kadhaa mbele yake. Hasara yote inawaangukia wenye kidogo.

Na wasimamizi tunao, tena wawili. ARPTC iliundwa kwa sheria ya 2002, ya kuangalia simu. ARE ilizaliwa na sheria ya 2014 iliyofungua soko la umeme. Huyu anaangalia bei ya mega, yule anaangalia bei ya kilowati, na simu yangu iliyozima haimo kwenye faili la yeyote.  

Msiniambie kwamba serikali haina uwezo wa kuingia ndani ya simu zetu. RAM, ile tozo ya kusajili simu, mmeisahau? Kuanzia 2020, ukiingiza yuniti tu, nayo inakata chake: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, senti 17 kwa ile ya 2G. Eti ni kutukinga na simu bandia na za wizi. Ilihitajika kelele hadi bungeni ndipo ikafutwa, 2022. Kwa hiyo kuchukua wanajua, na wanachukua kwa wakati.

Kwa wenzetu imewezekana. Afrika Kusini, tangu 2019, kampuni inapaswa kukupa njia ya kusogeza mega ambazo hujatumia, na kukuarifu ukifika asilimia 50, 80 na 100. Ghana, mwaka huohuo, waziri aliagiza kwamba mega zilizobaki zisife, zirudi ukinunua tena.

Haya, nakubali, shingo upande: antena nazo zinakunywa mazuti (dizeli) umeme ukikatika, kodi ni nyingi, na mtandao una gharama zake. Lakini mega ambayo sikuitumia haikuchoma hata tone la hayo mazuti.

Ninachoomba ARPTC ni kidogo: mega zilizobaki zirudi mtu akinunua forfe nyingine, hata ya siku moja, na ujumbe wa kuonya uje kabla, siyo huu wa rambirambi. Uamuzi wa kurasa mbili unatosha. Waandike hata kwa Kifaransa kigumu, tutasomeana.