Mazalia ya mbu: tuanzie kwenye maji au chumbani?

Chota maji kwenye dimbwi lililokaa juani wiki nzima, uyatie kwenye bakuli jeupe, kisha uyaache yatulie. Viluwiluwi waliojilaza sambamba na uso wa maji ni wa Anofelesi, mbu wa malaria. Wanaoning'inia kichwa chini ni wa Aedesi, anayeeneza dengi, au wa Kuleksi, anayeeneza matende. Tunabishana miaka yote kama fedha ziende kwenye kuangamiza mazalia au kwenye vyandarua na dawa ya ukutani, na mara nyingi hatuulizi tunamzungumzia mbu yupi.

Wanaotetea chandarua wana hoja nzito. Kimelea cha malaria huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Ukiyafupisha maisha ya mbu mzima hata kidogo, maambukizi yanaporomoka. Ukipunguza viluwiluwi, umepunguza idadi ya mbu tu, na wanaobaki wanaishi siku zao zote. George Macdonald, mtaalamu wa malaria, alilionyesha hilo kwa hesabu katika miaka ya 1950. Isitoshe, Anopheles gambiae, mbu mkuu wa malaria Afrika, hutaga hata kwenye maji yaliyojaa alama ya kwato la ng'ombe. Nani atazifikia zote baada ya mvua moja kubwa? Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza dawa ya viluwiluwi pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na ni rahisi kuyapata.

Hata hivyo, kiluwiluwi hana pa kukimbilia. Mbu mzima anaweza kuuma nje, jioni, kabla watu hawajaingia kwenye chandarua, na anaweza kuwa sugu kwa dawa. Historia nayo inawapa nguvu watu wa mazalia: mbu wa Kiafrika aliyeingia Brazil mwaka 1930 alitokomezwa huko kufikia 1940, chini ya Fred Soper, daktari wa Kimarekani, kwa kupuliza dawa majumbani na, zaidi ya yote, kwa kukagua na kutia sumu dimbwi baada ya dimbwi. Lakini yule alikuwa mgeni katika eneo lenye mipaka, akiandamwa na kikosi chenye nidhamu ya kijeshi. Sioni haki kuutumia ushindi ule kama kipimo cha kijiji chenye mabwawa na mashamba ya mpunga.

Mjini mambo ni tofauti kabisa. Aedesi huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii. Hutaga kwenye ndoo, matairi na vyungu vya maua, akiyagandisha mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi. Lazima chombo kisuguliwe. Sasa yupo pia Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia aliyegunduliwa Djibouti mwaka 2012 na baadaye Ethiopia na Sudan. Huyu huzaliana kwenye matangi na mapipa, na mazalia ya namna hiyo yanahesabika.

Kwa hiyo mjini ningeanza na mazalia, bila kusita. Kijijini wakati wa masika ningeanza na chandarua, na kazi ya madimbwi ningeiweka kiangazi, yakiwa yamebaki machache. Kufyeka nyasi, jambo linalohimizwa kila mara, hakugusi mazalia hata kidogo. Mbu hutaga penye maji.

Kinachonikera ni kumtoza faini mwenye pipa lenye viluwiluwi katika mtaa ambao bomba hutoa maji mara mbili kwa wiki. Hakuweka pipa kwa kupenda. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja au mbili, na pipa la akiba hubaki na maji muda wote huo. Mwenye pipa huyo anahitaji mfuniko unaobana na wavu mwembamba usioacha upenyo, na zaidi ya hapo, bomba linalotoa maji kila siku.