Bluzi za Chicago zimenikumbusha gita la mjomba

Huu mwaka wa tisa niko Chicago na kitu nilichokipenda huku kuliko vyote ni bluzi. Najua nyumbani ukisema bluzi mtu anawaza zile nyimbo za taratibu za kucheza wawili wawili disko likikaribia kuisha, hapana, naongelea ule muziki wenyewe wa watu weusi waliotoka Mississippi, wakapanda treni wakakimbia mashamba ya pamba na ubaguzi wakaja kutafuta kazi viwandani huku. Mpiga gita Muddy Waters alifika 1943, akakuta baa zina kelele gita la kawaida halisikiki, akahamia gita la umeme, na muziki ukabadilika.

Na haukuishia hapo. Miaka ya 80 mpiga gita Robert Cray akauchanganya na muziki wa soul, Gary Clark Jr. akaingiza hip hop, saivi kuna kijana wa Clarksdale, hukohuko Mississippi, anaitwa Christone Ingram, wenyewe wanamwita Kingfish, kazaliwa 1999, albamu yake ya 662 imechukua Grammy ya bluzi za kisasa 2022. Wapo wazee wanalalamika kwamba hizi sio bluzi tena. Mi sikubaliani nao hata kidogo, maana hata hilo gita la umeme wanalolilia lilikuwa geni siku moja.

Ila kinachoniuma ni hiki, wenzetu wanarithisha sisi hatukurithisha: Kingfish alifundishwa akiwa mtoto, kwenye masomo ya jumba la makumbusho ya bluzi hapohapo mjini kwao, afu albamu yake ya kwanza Buddy Guy, mkongwe wa bluzi aliyezaliwa 1936, akaingia studio akaimba naye. Na hata mtaani ni hivyohivyo. Kuna baa moja naendaga Jumapili nikitoka zamu, siku moja mzee mmoja wa hamonika akamwita dogo wa kama miaka kumi na nne hivi, akamwinamia sikioni akamwambia funguo ya wimbo, dogo akaanza kwa kuogopa, akakosea, mzee akasogea karibu yake akawa anamgongea mapigo kwa kiatu mpaka akakaa sawa.

Mi mjomba angu alipiga gita la rizimu kwenye bendi Morogoro. Gita lake lilikuwa ukutani, ukiligusa unachapwa. Amefariki na mkono wake wote ule, hakuna mtoto hata mmoja pale nyumbani aliyerithi, na simlaumu yeye peke yake. Zamani bendi zilikuwa na wenyewe, NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, mpigaji ni mwajiriwa kabisa, kwahiyo kijana akishika gita anaona ajira mbele. Saivi tumebaki na neno zilipendwa, yaani zilipendwa, zamani, basi, kama vile hakuna anayezipenda leo! Huku sijawahi kusikia mtu akiiita bluzi hivyo.

Lakini niseme na upande wa pili maana ni kweli tupu. Kumbi nyingi za bluzi nilizoingia huku zimejaa watalii, vijana weusi ninaofanya nao kazi hawaendi kabisa, wengine hawajui hata ziko wapi. Likizo iliyopita nilienda kwenye dansi la bendi ya Msondo Dar, nikakuta mstaafu, bodaboda, mama lishe, wote wako katikati wanacheza na maneno ya nyimbo wanayajua mpaka mwisho. Huo uwanja tunao bado, wenzetu wameupoteza, na mi ningechagua kuwa na uwanja wetu halafu tuazime tu ule moyo wao wa kufundisha.

Wiki iliyopita mtoto wa dada angu kanipigia video kalishika gita la mjomba, limebaki nyuzi nne, anajaribu rizimu kwa kusikiliza simu. Nimenunua seti tatu za nyuzi, kuna mtu anasafiri Desemba atampelekea. Kama kuna mzee yeyote Morogoro aliyewahi kupiga dansi na anaweza kukaa nae hata Jumamosi moja moja, naomba tuongee, nauli na soda nitatoa mimi.