Tuwape Wimbo Wasioujua

Walimu wenzangu wa muziki walioko nyumbani Kenya hudhani kwamba kinachowatenga na Marekani, ninakofundisha bendi na kwaya ya wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane, ni vyombo. Ni kweli kwamba hapa mtoto wa miaka kumi na mmoja hushika klarineti au tromboni, mara nyingi ikiwa imekodiwa na mzazi wake. Hata hivyo, vyombo havinitii wivu kama linavyonitia swali ambalo waamuzi wa mashindano ya huku humuuliza mwalimu: je, wanafunzi wako wanaweza kusoma muziki wasioujua?

Katika majimbo mengi, bendi ya shule ikishacheza vipande ilivyojiandalia jukwaani, huhamishiwa chumba kingine na kupewa muziki ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuona. Mwalimu hupata dakika chache za kuwaelekeza, nao huhesabu mapigo na kubonyeza vitufe bila kupuliza, kisha wanaanza. Mara nyingi matokeo huchekesha, maana mmoja hupotea njiani na mwingine humaliza kabla ya wenzake, lakini alama za chumba hicho huhesabiwa, na mwalimu aliyewakaririsha wanafunzi vipande vitatu mwaka mzima hujulikana papo hapo.

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya kazi ambayo sijaona mfano wake huku. Mtoto wa kijijini huimba na kucheza kwa mwili mzima bila karatasi mbele yake, na akifuzu hupanda ngazi hadi fainali za kitaifa. Wanafunzi wangu, ukiwaondolea kiti na stendi ya nota, hawajui hata mikono waiweke wapi. Lakini kwa kuwa katika tamasha hilo kwaya hupimwa kwa wimbo ilioufanyia mazoezi, wimbo huo hugeuka kuwa somo zima: mwalimu anaimba mstari, watoto wanaurudia, miezi inapita, na shule ikitolewa mapema muziki wa mwaka huo umekwisha.

Anayeumia zaidi ni mvulana wa miaka kumi na mitatu. Sauti yake inapoanza kuvunjika huonekana kuwa hatari kwa kikombe, na wapo walimu wanaomwagiza afungue mdomo tu bila kutoa sauti, au wanaompeleka kwenye ngoma. Huku, tangu mtafiti John Cooksey aeleze katika miaka ya 1970 kwamba badiliko hilo hupita katika hatua zinazotambulika, walimu wengi wa kwaya wamezoea kumsikiliza kila mvulana mara kwa mara, kumhamisha kutoka sauti ya alto hadi ya teno au besi kadiri anavyoshuka, na kuchagua nyimbo zenye sehemu isiyomdai nota nyingi. Hakuna chombo kinachonunuliwa kwa kazi hiyo. Kinachotakiwa ni muda, na muda ndio unaomezwa na ule wimbo mmoja.

Tena zana ya kusomea muziki tunayo. Solfa, yaani usomaji wa muziki kwa silabi za do, re, mi, iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 iko katika kwaya zetu za makanisa na shule tangu zama za wamisionari, na ishara za mikono ninazotumia darasani huku chimbuko lake ni yeye huyo huyo. Mstari mfupi wa solfa ubaoni unatosha kupima kama kwaya inaweza kusoma.

Nalipelekea tamasha pendekezo hili la kupima kwaya kwa wimbo isioujua kwa sababu mtaala wa umilisi wa Kenya umeuweka muziki wa sekondari msingi katika somo moja na sanaa za kuchora na michezo, hivi kwamba anayelifundisha huenda ni stadi wa riadha kuliko wa sauti. Mwalimu wa namna hiyo atafundisha kile ambacho mashindano yanakidai.

Najua nitaambiwa kwamba tutawaaibisha watoto. Basi jaribio lifanyike faraghani mbele ya waamuzi tu, lihusu kwaya za gredi ya saba hadi ya tisa, na lipewe alama kumi kati ya mia. Mwalimu aliyewahi kukosa nafasi ya kusonga mbele kwa alama mbili anajua kumi ni nyingi kiasi gani.