Ngao ya laki mbili

Nimekasirika tangu Jumapili na bado sijapoa, kwa hiyo mnivumilie.

Mliokuwepo uwanjani kule Kihesa, kwenye mchezo wetu wa kuigiza vita kwa mikuki ya povu, kila mtu na mhusika wake, mlisikia wenyewe. Mwenyekiti kapanda juu ya kreti la soda, kakohoa, katangaza kwamba mhusika wa bosi wetu mmoja kuanzia sasa ana ngao ya roho tatu. Sisi wengine roho ni moja: ukiguswa na mkuki umekufa, unaenda kukaa chini ya mikaratusi unasubiri chai. Yeye mpaka aguswe mara tatu. Zimebaki nne awe paka. Sababu? Katuma laki mbili za kukodi fuso. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, nakiri.

Pembeni yangu dada mmoja alikuwa anajipuliza vidole. Mikuki thelathini na nne kaitengeneza yeye: bomba la plastiki, unalivisha povu la godoro kuukuu, unazungushia kitambaa cheusi, halafu ncha unaishona kwa mkono maana cherehani haifiki pale. Kashona usiku, na baridi ya Julai ya Iringa mnaijua. Ncha ikifumuka, bomba linachungulia, na bomba likimpata mtu jichoni mchezo umeishia hospitali. Macho yetu sote yalikuwa yameshikiliwa na uzi wake. Kapata nini? "Asante sana mpendwa" kwenye kundi la WhatsApp, na kikopa kimoja.

Haya, bila fuso mikuki ingebaki sebuleni kwa watu. Nimeshasema, tusonge. Bosi ashukuriwe: apewe fulana, jina liwe kwenye bango, akae kiti cha mbele, aletewe ulanzi. Vyote hivyo viko nje ya mchezo. Ila nguvu za ndani ya mchezo ukishaziuza, asiye na kitu anajua atakufa kabla hajavaa, na mwenye hela anashinda vita ambayo hajapigana. Sasa tunacheza nini? Vikundi vingi vya mchezo kama huu Marekani na Uingereza hutoa pointi za kumwongezea mhusika nguvu kwa anayewahi kuandaa eneo, anayebaki kufagia, na yule anayekubali kuwa zimwi auawe mara kumi kwa siku ili wenzake wafurahi. Huyo ndiye wa kuongezewa roho. Wapo huko pia wanaotoa pointi kwa mchango wa fedha, na malumbano yao ni haya haya yetu.

Wanaotaka waliojitolea walipwe posho: hapana, tutageuka semina.

Halafu sisi ni watu wa Iringa, jamani! Zelewski, kamanda wa Wajerumani, alikuja Lugalo, hapa hapa Iringa, mwaka 1891 na bunduki na mizinga, Wahehe wakamvizia na mikuki, hakurudi. Leo kamati ya hapa hapa inauza ngao.

Jana nimeikagua mikuki stoo. Ncha saba zimefumuka, na Jumamosi tuna mchezo. Nikampigia dada.

"Kamwene, kaka," akaniambia, sauti tulivu kabisa. "Mpeni mwenye ngao sindano."